Sahani ya Kwanza

Mjomba Taib alipokuja kutuambia kwamba serikali imemshtaki mamkubwa wangu Ummukulthum, nilicheka. Nilikuwa nimeshika mkasi, nakata gauni la watu, nikadhani mjomba ameanza masihara yake. Mamkubwa alikuwa ameshapita miaka sitini. Tangu mumewe afariki alikuwa hatoki mtaa wetu wa Kuze, Mombasa, ila kwa maziko, harusi na daktari wa presha. Mtu kama huyo utamshtaki kwa lipi, kusali kwa sauti?

"Si jambo la kucheka, Tumu," mjomba akasema. "Ni ile haluwa."

Hapo niliuweka mkasi chini, maana habari ya haluwa tulikuwa nayo tayari.

Haluwa yetu ilianza kwa babu. Mjomba Taib aliirithi pamoja na karai la shaba na mpishi wake, Charo, aliyetoka Kaloleni akiwa kijana na akazeekea mbele ya moto ule. Zamani hapakuwa na kitu zaidi ya karai na jiko. Lakini mahoteli yalipoanza kuitaka, mjomba akaambiwa kwamba hoteli haifanyi biashara na karai, inafanya biashara na kampuni. Akaandikisha kampuni, akaiita Zafarani Limited, na kwa kuwa alitaka mtu wa kukaa naye katika ukurugenzi, akamwandika dada yake. Mamkubwa alitia sahihi juu ya meza ya kulia, akauliza kama mchele umeshaiva, na tangu siku hiyo akawa mkurugenzi.

Kazi yake hasa ilikuwa ya zamani kuliko kampuni. Karai likishaepuliwa, kabla haluwa haijakatwa, Charo hupakua sahani moja, akaifunika kwa kawa la ukili, akaileta mwenyewe kwa miguu mpaka kwetu. Mamkubwa huinua kawa, huchukua kidogo kwa ncha ya kidole, akala huku amefumba macho. Akiridhika husema neno moja tu, "Yende," na haluwa huenda dukani Makadara na kwenye mahoteli. Asiporidhika hafoki wala hatukani. Hunyamaza, na Charo huichukua sahani yake akaondoka. Babu ndiye aliyemzoeza hivyo tangu alipokuwa msichana, alipogundua kwamba ulimi wa bintiye haudanganyiki. Mimi ulimi ule niliwahi kuuchukia. Nilipokuwa najifunza kupika ulikuwa ukinitia aibu mbele ya wageni kwa chumvi ambayo hakuna mwengine aliyeisikia.

Katika Ramadhani Charo alikuwa akipika baada ya tarawehe, ili sahani ifike wakati wa watu kula. Lakini mwaka ule wa tisini na sita maagizo ya Idi yalikuwa mengi mno, na mjomba akaamua wapike na mchana. Kisha rangi ikamwishia. Duka alilozoea lilikuwa limefungwa. Akaingia la pili, akapewa unga mwekundu uliokoza, akaambiwa waziwazi kwamba ile ni rangi ya mikeka, wanayochovyea ukili. Mjomba wangu ni mtu mwema, lakini haraka ikimshika hana akili ya kumshauri. Alisema rangi ni rangi, akaondoka nayo.

Charo akaleta sahani baada ya adhuhuri. Mamkubwa alikuwa amefunga. Wapo wanaosema aliyefunga ana ruhusa ya kuonja chakula kwa ncha ya ulimi akatema, lakini mamkubwa si mtu wa kuitafutia saumu yake ruhusa. Aliinua kawa akatazama. Kwa kweli ilikuwa nzuri, nyekundu inayong'ara, kuliko haluwa yoyote iliyowahi kutoka katika karai lile.

"Rangi yake njema," akasema. "Yende."

Sahani ikapelekwa kwa jirani kwa futari, na sisi tukafuturu kwa tende na tambi.

Idi Mosi, kila aliyekula haluwa yetu alikuwa na ulimi mwekundu. Si wekundu wa tambuu, ambao mtu husukutua ukatoka. Watu walisugua kwa ndimu, walisugua kwa mkaa, na haukutoka. Kule ufuoni Mama Ngina watu wazima na akili zao walikuwa wakitoleana ndimi na kuchekana. Kisha wazee wawili watatu wakaumwa na matumbo, mmoja akalazwa, na kicheko kikaisha. Mwenye bahati mbaya zaidi, au sisi ndio tuliokuwa na bahati mbaya zaidi, alikuwa bwana afya, aliyealikwa Idi nyumba fulani akala visahani viwili. Alikuja dukani na chupa zake za kuchukulia sampuli, akaeleza kwa upole anachotaka, na waliokuwapo wanasema kila alipofungua kinywa ushahidi ulionekana.

Basi kampuni ikashtakiwa kwa kuuza chakula chenye rangi iliyokatazwa. Mjomba naye akashtakiwa, kwa kuwa kampuni haina mkono wa kutiwa pingu na sheria inataka mtu. Hilo tulilielewa. La mamkubwa ndilo lililotushinda kulielewa.

Wakili tuliyempata aliitwa Nicodemus, mtu wa Rabai, mpole wa maneno, mwenye ofisi juu ya duka la viatu Makadara. Mimi mawakili siwapendi, lakini huyu alitupikia chai mwenyewe, basi nikamvumilia. Alitueleza kwamba kampuni ikitenda kosa la namna hii, kila mkurugenzi huhesabiwa ametenda yeye, ila aonyeshe mambo mawili: kwamba hakujua, na kwamba alifanya bidii yote iliyompasa ili kosa lisitokee. Mjomba alijua, kwa hivyo atakiri na kuomba huruma. Mamkubwa habari yake ni nyingine. Bidii anayodaiwa mtu, Nicodemus akasema, ni kwa kadiri ya kazi yake, na asiye na kazi katika kampuni hadaiwi kitu. Bi Ummukulthum ni mkurugenzi wa jina. Aape, aseme hivyo mbele ya hakimu, na yeye wakili anatumaini atalala kwake. Akipatikana na hatia, faini yaweza kuwa, na jela pia yaweza kuwa.

Mamkubwa alikuwa anavuta tasbihi. Akauliza, "Na ile sahani?"

Nicodemus hakujua ni sahani gani. Nikamweleza mimi. Alivyozidi kusikia ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana, mpaka akamgeukia mjomba akamwuliza sahani ile ilikuwa na maana gani.

"Heshima tu," mjomba akajibu upesi. "Ni dadangu mkubwa, lazima aanze yeye. Hata angeikataa, haluwa ingekwenda."

Wakili akashusha pumzi. Akasema hayo ndiyo maneno anayoyataka, na Charo naye ayaseme hayo hayo. Mjomba aliyasema kwa mapenzi, simlaumu. Alikuwa tayari kufungwa yeye, mradi dada yake asikanyage mlango wa jela. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na mamkubwa, na niliuona mkono wake ukisimama juu ya tasbihi.

Siku ile hakula. Asubuhi yake nilimkuta ameketi jikoni mbele ya chai iliyopoa.

"Tumu, ati ile sahani ilikuwa heshima?"

Nikamwambia mjomba anataka kumwokoa.

"Hilo nalijua. Nauliza kama ni kweli."

Kabla sijajibu akanikumbusha mwaka mmoja wa mvua kubwa, samli ilipokuwa imeanza kuvunda na Charo hakutambua. Yeye alionja, akanyamaza. Charo akaichukua sahani, na siku ya pili akaleta haluwa nyingine, nzuri. Ile ya kwanza ilikwenda wapi? Wakati ule hakuuliza, kwa sababu hakuona la kuuliza.

"Ikiwa waliiuza," akasema, "basi umri wangu wote nali nikiramba kidole tu."

"Na ikiwa waliimwaga?"

"Basi nna kazi. Na siku ile kazi yangu sikuifanya."

Nilikasirika, nami nikikasirika huwa sichagui maneno. Nilimwambia kwamba jela si baraza ya kupokelea heshima, kwamba dawa zake za presha hakuna askari atakayemkumbusha, na kwamba wakili amemfungulia mlango na yeye anatafuta ufunguo aufunge. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwamba atatakiwa kushika Msahafu aape kuwa yeye si chochote katika haluwa ile, na hawezi kuapa kwa jambo asilolijua. Atauliza kwanza. Nikatoka jikoni nikaenda kulia ndani, kwa sababu nilijua atauliza.

Siku ya kesi mjomba na kampuni walikuwa wameshakiri, na mjomba alikaa benchi la mbele akimsubiri dada yake, ambaye, kwa neno la wakili, alikuwa amekana. Bwana afya alitoa ushahidi wake, ulimi umeshatakata. Akafuata Charo, aliyeitwa na upande wa mashtaka aeleze alivyoipika. Mwendesha mashtaka, Inspekta Dishon, alimwuliza habari za ile rangi akamaliza. Nicodemus akamwuliza kama Bi Ummukulthum amewahi kukanyaga jikoni mwao, Charo akasema hajawahi, na kama ile sahani ilikuwa desturi ya heshima, Charo akasema, huku anatazama viatu vyake, kwamba ndiyo, ilikuwa heshima. Wakili akakaa, ameridhika.

Hapo mamkubwa akainua mkono kizimbani.

Alitaka kumwuliza Charo swali yeye mwenyewe. Nicodemus alimwendea mbio, akamnong'oneza, nusura ampigie magoti. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akamwuliza mshtakiwa kama anafahamu kwamba ana wakili, na kwamba swali lake laweza kumdhuru mwenyewe. Mamkubwa akasema anafahamu, kwa adabu ile ile anayokaribishia wageni. Akaruhusiwa.

"Charo, wewe walikumbuka karai la samli mbovu, mwaka wa mvua?"

Charo akasema analikumbuka.

"Naliionda nikanyamaza. Haluwa ile mliifanya nini?"

Charo alimtazama mjomba Taib. Mjomba akatikisa kichwa, kidogo sana, lakini mimi niliona, na nafikiri hakimu naye aliona. Charo hakuwa mjinga. Alikuwa ameshaielewa sheria sawasawa na sisi. Akisema iliuzwa, sahani ni heshima tu na mamkubwa atarudi nyumbani. Akisema haikuuzwa, ndiye atakayekuwa amemfunga.

"Bi mkubwa," akasema, "usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

Charo alipangusa uso kwa kiganja.

"Tuliimwaga," akasema.

Kisha akawa kama aliyezibuliwa, hakuna wa kumzuia. Alisema siku ile alirudi na sahani akamkuta Bwana Taib na gari limeshawashwa, mzigo umeshapakiwa nusu. Alimwambia dada amenyamaza. Bwana Taib akazima gari, asiulize hata neno. Waliipakua haluwa katika mapakacha, wakaibeba wao wawili kwenye mvua mpaka ufuoni, wakaimwaga karai zima, na Bwana Taib akateleza akaanguka kifudifudi nayo. Dukani Makadara wateja waliambiwa leo hakuna haluwa, kuna ladu. Wala haikuwa mara moja ile. Bi mkubwa akinyamaza, haluwa haitoki, na tangu enzi za mzee ilikuwa hivyo hivyo.

Mjomba aliufunika uso wake kwa mikono. Nicodemus alitazama dari. Mimi nilimtazama mamkubwa kwa hasira zangu zote, na hasira zikanitoka, kwa sababu uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyerudishiwa amana yake. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na niliogopa sana.

Zamu yake ilipofika alishika Msahafu akaapa. Akasema yeye si mkurugenzi wa jina. Akaeleza sahani, na "Yende," na kunyamaza, na siku ile ya saumu. Inspekta Dishon alisimama kumhoji, na haikuonekana kuwa kazi ile inampendeza. Alimwuliza kama alijua kwamba rangi ile ni ya mikeka. Mamkubwa akasema hakujua.

"Ungengoja magharibi ukaionja, ungejua?"

"Ningejua. Rangi ya mikeka ina uchungu wake."

"Kwa nini hukungoja, mama?"

"Ndugu yangu ali na haraka. Nami nalipendezwa. Siku ile naliionda kwa mato."

Inspekta akayatazama macho yale yaliyoonja mahali pa ulimi, akakaa bila ya kuuliza jingine.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Hakimu alisema anaamini kwamba mshtakiwa hakujua. Lakini alikuwa na kazi ya kweli katika kampuni, na kazi hiyo ilikuwa ndiyo hasa kuzuia jambo kama hili, na alikuwa na njia ya kujua akaiacha. Mwenye kazi hudaiwa bidii ya kazi yake. Akampata na hatia. Nilimshika Nicodemus mkono nikauminya mpaka akaguna. Kisha hakimu akavua miwani, akasema kwamba ni nadra kusikia katika chumba kile mtu akisema kweli inayomuumiza mwenyewe. Kampuni na mjomba walitozwa faini, na duka likafungwa kwa muda. Mamkubwa aliachiliwa kwa sharti kwamba kosa lisirudiwe kwa mwaka mzima. Likirudiwa, ataitwa tena, na safari ile hapatakuwa na huruma.

Watu wa Kuze walikuja kutupa pole, wengine wamevaa nyuso za matangani. Mwanamke mmoja akasema ni dhuluma tupu, mtu mzima wa kukaa nyumbani kutiwa hatiani kwa mambo ya wanaume. Mamkubwa akammiminia kahawa.

"Sikuwa nikikaa tu," akamwambia.

Mjomba Taib alikuja wa mwisho. Alikaa mlangoni, akataka radhi kwa neno lake la ofisini, kwamba ile sahani ilikuwa heshima tu. Alikuwa akilia waziwazi, mtu na mvi zake. Mamkubwa akamwambia amesema uongo wa mtu anayependa, amemsamehe, na asiurudie.

Ramadhani iliyofuata ilikuta ule mwaka wa sharti haujaisha. Maagizo yalirudi, kwa sababu watu wa Mombasa wana midomo mirefu lakini kumbukumbu ya tumbo ni fupi, na mkesha wa Idi ukawakuta wangali wanapika. Charo alifika na sahani baada ya alasiri. Mamkubwa akainua kawa, akatazama mara moja, akaifunika tena kwa kawa lenye mistari myekundu, akaenda kutawadha. Hakusema "Yende" wala hakusema lolote.

Mjomba akaja na ufunguo wa gari mkononi. Hoteli zilikuwa zinapiga simu, na dukani Makadara foleni ilikuwa imefika barabarani. Nilidhani atasema neno. Alikaa barazani pamoja na Charo, wakangoja, na kila mtu aliyetaka haluwa yetu mjini akangoja nao.

Adhana ikaadhiniwa. Mamkubwa akala tende, akanywa maji, akaomba dua yake bila ya pupa. Kisha akaivuta sahani, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akafumba macho. Akanyamaza.

Alinyamaza sana. Nikamwona mjomba ameutia ufunguo wa gari mfukoni, amesimama. Hakuuliza lililoharibika. Alimgusa Charo bega, akamwambia kwa sauti ya chini akalete mapakacha, na Charo akainuka akavaa viatu.

Mamkubwa akafumbua macho.

"Mwaenda wapi nyinyi?" akasema. "Tende haijanitoka kinywani."

Akasukutua kwa maji, akaonja tena. Mjomba alikuwa bado amesimama pale mlangoni.

"Yende," akasema mamkubwa.